Siku 62 za Mishahara Miwili: Jibu kwa Mama Wawili wa Donholm

Swali: Mshauri, salamu. Mimi na mume wangu tunaishi Donholm, Nairobi, na watoto wetu wawili. Mishahara yetu ikiunganishwa baada ya makato hutufikia ikiwa shilingi 78,000, na kodi ya nyumba ni 20,000. Mtoto mkubwa yuko bweni katika shule ya kitaifa, na mdogo hutugharimu kama 4,500 kila shule zinapofunguliwa Januari. Mwaka jana tulilipwa tarehe 20 Desemba, tukasafiri tarehe 22 kwenda kwa wakwe zangu Vihiga, magharibi mwa Kenya, na tuliporudi tarehe 27 tulikuwa tumetumia shilingi 34,000. Nauli ya kwenda ilikuwa 2,800 kwa kila mtu na ya kurudi 1,200. Januari tulikopa kwenye simu mara tatu, na mara ya mwisho ilikuwa ya kununua unga. Sisi si watu wa anasa, lakini hata siku za kawaida pesa huisha nisijue zilikokwenda. Mwaka huu nataka tusherehekee bila majuto, na bila mama mkwe kuona kwamba tumemtupa. Tena zamu yangu ya kupokea michango katika chama chetu cha kuchangiana, shilingi 15,000, inaangukia Desemba. Je, nizitumie kwa safari? Ni mimi, Mama Wawili.

Jibu: Mama Wawili, nilipoupata ujumbe wako nilitafuta kalenda kabla ya kutafuta kikokotoo, kwa sababu katika familia nyingi nilizozihudumia, tangu nilipokuwa karani wa mikopo katika chama cha akiba hapa jijini, tatizo la Januari lilikuwa la siku kabla ya kuwa la shilingi. Hesabu pamoja nami. Kutoka tarehe 20 Desemba, mlipolipwa, hadi tarehe 31 Januari ni siku 42. Mwajiri aliyewalipa mapema kwa heshima ya Krismasi hakuongeza hata senti moja. Aliwapa mshahara wa mwezi mmoja, akawaachia nyinyi kazi ya kuutandaza juu ya mwezi mmoja na karibu wiki mbili. Watu wa Nairobi tumeupa mwezi wa kwanza jina la Njaanuari na kila mwaka tunautania kwamba una siku tisini, ilhali una siku 31 kama Desemba. Kilichorefuka ni umbali kati ya mshahara na mshahara.

Upande wa pili wa jambo hilo hauzungumzwi sana, na ndio utakaokufaa zaidi. Ikiwa mshahara wa Desemba unalazimika kuishi siku 42, basi mshahara wa Novemba, uliolipwa tarehe 30, uliishi siku 20 tu. Ukitoa kodi, mlibaki na shilingi 58,000 za kutumia katika siku 20, yaani 2,900 kwa siku, na nina hakika zilitumika zote bila mtu yeyote nyumbani kuhisi kwamba anafuja, kwa kuwa kila mmoja alijua mshahara mwingine uko njiani. Hizo siku 20 ndizo zilizokula unga wenu wa Januari. Safari ya Vihiga ilikuja tu kumalizia kazi.

Tazama mlivyoanguka. Karo ya shule ya bweni ya kitaifa, kwa kiwango cha wizara cha shilingi 53,554 kwa mwaka, hulipwa nusu nzima katika muhula wa kwanza, na mihula miwili iliyobaki hugawana asilimia 30 na 20. Kwa hiyo Januari inadai 26,777 za mkubwa, 4,500 za mdogo na kodi ya 20,000, jumla 51,277. Mshahara wa Desemba wa 78,000 ulikuwa tayari umeondolewa 34,000 za sherehe, ukabaki 44,000. Mlikuwa na upungufu wa shilingi 7,277 kabla hamjanunua tokeni ya umeme wala kupanda matatu kwenda kazini hata mara moja. Hakuna nidhamu, maombi wala kujinyima chai ambako kungeliziba pengo hilo mwezi ukishaanza.

Ninachokushauri mwaka huu ni kuacha kuuona mshahara wa Novemba na wa Desemba kama vitu viwili. Tangu tarehe 30 Novemba hadi 31 Januari ni siku 62, na katika muda huo nyumba yenu itapokea shilingi 156,000. Toa kodi mbili, 40,000, kisha toa za shule, 31,277, zinabaki 84,723. Sasa kaeni mezani, wewe na Baba Wawili, mkubaliane siku moja ya nyumba yenu inagharimu kiasi gani kwa chakula, nauli za kazini, gesi, tokeni na sabuni. Mimi nimeweka shilingi 1,100, ambazo ni za kubana lakini si za njaa, na kwa siku 62 zinafika 68,200. Zinazobaki ni 16,523, na hizo ndizo Krismasi yenu. Mkiona 1,100 haziwatoshi, ongezeni mkijua wazi kwamba kila shilingi 100 mnayoiongeza kwa siku inaondoa 6,200 katika sherehe. Ubadilishanaji huo ukiwekwa mezani mwezi wa Novemba ni mazungumzo ya kawaida kati ya mke na mume. Ukigunduliwa tarehe 12 Januari huwa ugomvi.

Jambo moja la utekelezaji nalisisitiza, kwa sababu hesabu nzuri zimekufa mikononi mwa watu kwa kulipuuza. Mshahara wa Desemba ukiingia, lipeni kodi ya Januari siku hiyohiyo na kuchukua risiti; sijawahi kusikia mwenye nyumba wa Nairobi aliyekataa kodi iliyofika mapema. Karo nayo iende moja kwa moja katika akaunti ya shule kabla hamjafunga mizigo. Pesa ambayo haimo kwenye simu haiwezi kuombwa na shemeji.

Sasa tuje Vihiga. Kati ya zile 34,000, nauli ilichukua 16,000, yaani 11,200 za kwenda na 4,800 za kurudi. Mlipanda gari katika siku ambazo nusu ya jiji ilikuwa ikielekea magharibi, na mnajua jinsi vituo vya mabasi vinavyokuwa tarehe 22 na 23, makanga akitaja bei moja asubuhi na nyingine saa sita. Nauli hufuata mkondo wa watu. Kabla ya Krismasi mkondo unatoka Nairobi, na siku za kwanza za Januari unarudi. Anayesafiri kinyume cha mkondo, au kati ya mikondo hiyo miwili, kwa kawaida hulipa bei ya siku zote. Mkienda tarehe 27 na kurudi tarehe 30, kwa ile nauli mliyolipa mkirudi mwaka jana, watu wanne watatumia 9,600, nanyi mtakuwa mmeokoa 6,400 bila kumnyima mtu yeyote kipande cha nyama.

Najua utasema kwamba Krismasi ni tarehe 25, na mama mkwe atakaa mlangoni akiangalia njia. Ndiyo maana mwanawe ndiye anayepaswa kumpigia simu, tena mapema, na amwambie kwamba mwaka huu watakuja nyumba ikiwa imetulia, baada ya wageni wengine kuondoka. Kisha tarehe 23 mtumieni kitu cha sikukuu, na muongeze ada ya kutolea kwa wakala, maana mzazi akitumiwa elfu mbili kamili huhesabu zile za wakala kama ishara kwamba mliharakisha. Nimeshuhudia wazazi wakilipenda sana tendo la watoto kuwasili tarehe 27, kwa kuwa siku hiyo wanapata nafasi ya kuzungumza nao, jambo lisilowezekana siku ambayo wajukuu kumi na wanane wanagombania masufuria.

Kuhusu mnachobeba, niruhusu nikueleze aibu yangu mwenyewe. Mwaka mmoja nilifika kwa mama yangu nikiwa na mikate kumi na miwili, sukari kilo sita, mafuta ya kupikia na majani ya chai, nikijiona mwana wa kujivunia. Ndugu zangu wanne walifika na mizigo iyohiyo. Nyumba iligeuka duka. Kufikia tarehe 2 Januari mkate ulikuwa umeota ukungu wa kijani, na mama, ambaye hakutaka kutuvunjia heshima mbele ya wake zetu, alikuwa akiumegea kuku nyuma ya jiko mapema asubuhi kabla hatujaamka. Nilimkuta huko. Nilipomuuliza alichokuwa akikihitaji hasa, alisema bati mbili za kuzibia paa la choo na miwani. Hakuna hata mmoja wetu watano aliyekuwa ameuliza.

Ulizeni, basi. Ulizeni wiki mbili kabla, na mgawane na wifi na mashemeji zako nani analeta nini. Mkishalipa nauli mtabaki na takriban shilingi 6,900, ambazo zikitolewa kwa kitu kimoja kinachohitajika zitakumbukwa kuliko 18,000 zilizotawanywa kwa watu ishirini, kila mmoja akipata mia tatu na nyingine zikiishia kwenye soda. Na hapo ndipo kazi ya kutumia pesa kwa makusudi ilipo: kabla ya kuitoa, jiambie unanunua nini hasa. Mara nyingi mfuko wa manunuzi tunaoubeba kwenda nyumbani tunaununua ili tuonekane tumefanikiwa jijini, na gharama ya kuonekana haina kikomo kwa sababu daima kuna jirani aliyekuja na gari.

Nimerefusha juu ya sikukuu, lakini sentensi iliyonigusa zaidi katika ujumbe wako ni ile ya siku za kawaida, kwamba pesa huisha usijue zilikokwenda. Ajabu ni kwamba unaishi mahali ambapo jibu limeandikwa tayari. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, karibu kila shilingi ya Mnairobi huacha alama. Piga *334# au fungua programu, omba taarifa ya miezi mitatu iliyopita, itakuja kwenye barua pepe ikiwa imefungwa kwa nambari ya siri. Ichapishe kwenye duka la saibakafe, hata kama itajaza kurasa thelathini, kisha ikalie Jumapili moja mchana ukiwa na kalamu nyekundu. Usitafute makosa. Pigia mstari kila muamala usioukumbuka: huyu niliyemtumia 350 alikuwa nani, na hii till, yaani malipo ya dukani, ya 480 saa mbili usiku ilikuwa ya nini? Niliyoyaona kwa wateja wangu ni kwamba mistari myekundu haiwi kwenye nguo wala kwenye mikahawa, kama walivyotarajia, bali kwenye miamala midogo ya jioni, mtu akiwa amechoka, kati ya kituo cha matatu na mlango wa nyumba.

Katika taarifa hiyohiyo jumlisha ada peke yake. Kwa viwango vilivyoanza mwaka 2023, kutoa shilingi 500 kwa wakala hugharimu 29, na kutoa shilingi 2,500 hugharimu 29 hizohizo. Anayetoa mia tano mara tano kwa wiki amelipa 145 kwa jambo ambalo lingemgharimu 29, na tofauti hiyo ya shilingi 116 kila wiki ni zaidi ya shilingi 6,000 kwa mwaka. Ukijumlisha na ada za kutuma, kwako na kwa Baba Wawili, huenda ukakuta nauli yenu ya Vihiga mle ndani.

Juu ya kununua kwa kupimiwa, yaani mafuta ya robo, sukari ya robo, unga wa nusu, sitaki kurudia mahubiri mliyoyasikia. Ni kweli kwamba lita ya mafuta iliyonunuliwa kwa vipimo vidogo hugharimu zaidi ya lita iliyofungwa, na kwamba anayekwenda soko la Marikiti au la Muthurwa Jumamosi asubuhi na kurudi na viazi na vitunguu vya wiki mbili huokoa pesa zinazoonekana. Lakini mtu wa kibarua anayelipwa jioni hana njia nyingine, na hata mwenye mshahara nimemwona akipata hasara kwa kununua kwa wingi, kwa kuwa galoni ya lita tano ikiwa jikoni, mkono wa mpishi huwa mwepesi na jirani hukopa kikombe. Mimi hupendekeza vitu vitatu tu vya kununua kwa wingi mshahara unapoingia: unga, sabuni na gesi. Visivyoliwa vikiwa vibichi havimshawishi mtu kuongeza kijiko. Mboga na nyanya endelea nazo kwa mama mboga wako, ila lile daftari lake la madeni lifungwe kila Ijumaa.

Mikopo ya simu ni jambo zito zaidi, kwa hiyo nitakuwa wazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili ya mshahara wa mfanyakazi, ili kila mtu abaki na angalau theluthi moja ya kumlisha. Kinga hiyo inaishia kwenye hati ya mshahara. Fuliza, mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisilotosha, iliyoanza mwaka 2019, hukaa nje ya hati hiyo. Inaziba upungufu wako jioni ya mkate, inatoza ada kadiri siku zinavyopita, na shilingi ya kwanza itakayoingia kwenye laini yako inakwenda kulipa kabla hujaigusa. M-Shwari, huduma nyingine ya mikopo ya simu, ilipoanza mwaka 2012 ilikuja na ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, kiwango kinachosikika kidogo hadi ukikumbuka kwamba ni cha mwezi mmoja. Mkopo wa shilingi 10,000 kwa ada hiyo hugharimu 750. Kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi, ambayo ni ya kawaida katika Sacco nyingi zetu, yaani vyama vya akiba na mikopo, ungegharimu 100. Tofauti ni kwamba Sacco inataka wadhamini na siku chache, na simu inataka kidole gumba. Ndiyo sababu mwanachama anayejua kwamba Januari itambana anapaswa kuwaona wadhamini wake na kuandika fomu ya mkopo wa dharura mwanzoni mwa Desemba, angali hajabanwa. Hata asipouhitaji mwishowe, hajapoteza kitu.

Hukusema kama Baba Wawili anaijua ile mikopo mitatu. Ikiwa haijui, mwambie kabla ya kikao cha hesabu nilichokitaja, kwa sababu hesabu ya siku 62 iliyofichwa deni itawadanganya wote wawili.

Kwa mwaka ujao, fungueni akaunti ya sikukuu katika Sacco yenu. Nyingi zinazo, na pesa zake kwa kawaida hazitoki hadi Desemba, jambo ambalo watu hulilalamikia Juni na kulishukuru baadaye. Wekeni shilingi 1,800 kila mwezi kuanzia Februari hadi Novemba. Ni shilingi 60 kwa siku, na kwa miezi kumi zinatimia 18,000. Ukiziongeza juu ya zile 16,500 za mwaka huu mnapata 34,500, yaani ileile Krismasi ya mwaka jana iliyowatoa jasho, safari hii ikiwa imelipiwa. Sina ugomvi na sherehe ya shilingi 34,000. Nina ugomvi na ile inayolipwa na unga.

Limebaki swali la chama. Hizo 15,000 usizipeleke Vihiga. Ukizipokea Desemba zitakukuta ukiwa na mishahara miwili mkononi, na pesa inayokuta nyingine huyeyuka nayo. Zungumza na mweka hazina, uulize nani ana zamu ya Januari, umwombe mbadilishane. Atakubali upesi, pengine kwa furaha, kwa kuwa yeye naye anaitamani Desemba. Hakikisheni mabadiliko hayo yanaandikwa katika daftari la chama mbele ya wanachama wote na kutiwa sahihi, kisha zikifika, wiki ile ambayo watoto wanarudi shuleni na mkubwa anataka godoro, viatu na pesa za matumizi, hutakuwa na haja ya kumtafuta mtu yeyote wala kuifungua ile programu ya mikopo.